Anayeonja Kwanza

12 Februari 1944, Lushebere

Viateur amenipa kaye hii ya kuandikia iliyobaki shuleni, akasema: Thacienne, maneno yako weka humu, mudomoni yamezidi. Yeye ni bwana yangu na ni mukatekista, mwalimu wa dini wa kilima hiki, basi simujibu, naandika. Kweli mudomo wangu umekwisha kuniletea kesi nyingi. Juzi tu nilimuambia Karekezi mbele ya watu kwamba kiburi chake kitamuua na njaa siku moja. Karekezi ni mufugaji, ng'ombe zake ziko juu kule kwenye mianzi. Amebatizwa kama sisi, anasali kama sisi, lakini ukimukaribisha chakula atasema ameshiba. Siku zote ameshiba. Wanasema njo desturi ya wafugaji wa zamani, wanaona haya kutafuna mbele ya watu. Mimi ninaita kiburi, na nikikosea Mungu atanirekebisha.

Watu wanaopanda kutoka njia ya Walikale wanasema kule chini pori limewaka vita. Kuna dini mpya inayoapisha watu, na askari wametumwa kuizima. Viateur ametuambia tusali. Nimesali. Halafu nimekwenda kuangalia kama mateke, yale magimbi ya shambani, yatatosha wageni wakija.

14 Februari

Mvua. Mbuzi wa jirani yangu muzee Nzabandora amekula maboga yangu. Nilisema maneno ambayo siandiki hapa.

17 Februari

Wamefika.

Ilikuwa wakati wa kutwanga. Tuliona watu wanapanda kilima mu mvua, mumoja nyuma ya mwingine, mikono mitupu. Muntu anayehama bila hata chungu, huyo hakuhama, alikimbia. Nikaacha mutwangio pale pale nikashuka kuwapokea.

Ni nyumba moja: Kahombo, bibi yake wa ndoa, mama yake muzee ambaye wote wanamuita koko, na mutoto wao muke jina lake Bitondo, amekwisha kung'oka meno ya mbele. Ni watu wa pori, upande wa Walikale. Kahombo anasema watu wa dini mpya walikuja wakamuambia aape. Alikataa, wakachoma nyumba yake. Kesho yake askari wakafika, nao hawakuuliza nani alichoma na nani alichomwa. Kila muntu waliyemuona mu pori walimupiga risasi. Anasimulia kwa sauti ndogo na anaangalia mulango. Mimi nilikuwa nimeshika kifua. Watu walewale, siku mbili, moto nyuma na risasi mbele. Yesu Maria!

Viateur aliwapa chumba cha shule. Nikapika mateke na maharagi, nikakaa chini pamoja nao, nikaanza kula mimi wa kwanza, maana nilikuwa na njaa na sina adabu. Yule koko aliangalia kinywa changu mpaka nikameza. Nilifikiri anashangaa jino langu lililovunjika. Kisha akachovya yeye, na wote wakafuata, na kapu likabaki jeupe.

20 Februari

Siku ya Mungu. Baada ya sala wakristo wameleta kila mumoja alichonacho: ndizi, maharagi, majani ya maboga, na muzee Nzabandora ameleta kuku wawili (asifikiri nimesahau maboga). Walikaa na wageni wakala pamoja, na Kahombo akacheka kwa mara ya kwanza. Karekezi naye alituma maziwa. Mimi nilikunywa nusu kabla ya kuyagawa, sijui kama ni zambi.

Bitondo amenichagua. Anafuata kanga yangu kila mahali. Nikionja mboga kwa mwiko, naye anataka mwiko uleule. Mimi sikuzaa, na watu wamekwisha kuacha kuniuliza. Leo muntu mugeni aliniita mama wa Bitondo na sikumurekebisha.

22 Februari

Kaporali amefika na askari wawili. Nilimuficha Bitondo nyuma yangu, mutoto alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Viateur hakutetemeka. Alimuchukua kaporali nyuma ya kanisa wakasema muda murefu, wawili tu, kisha akamuleta nyumbani nikamuchinjia kuku mumoja wa Nzabandora. Kesho ni Majivu, tunaanza kufunga mpaka Pasaka, nyama haitaliwa tena. Kaporali alikula karibu kuku muzima. Wageni wetu walimuangalia kutoka dirisha la shule.

Walipokwenda, Viateur alinieleza. Aliwatetea hawa watu kwa jina lake mwenyewe, na kaporali amekubali: wakikaa hapa kilimani chini ya neno la mukatekista, hakuna atakayewagusa. Lakini muntu yeyote atakayeonekana anarudi mu pori anahesabiwa ni adui, na adui haulizwi jina. Nikasema, basi hapa njo uzima wao, kule chini njo kufa. Viateur akasema njo vile. Aliwaambia wageni kwa kifupi: mukae, musishuke, kule wanaua. Kahombo aliinamisha kichwa.

Ninajua nilikuwa ninamuona Viateur kama muntu wa vitabu tu, muoga kidogo. Leo nimemuheshimu.

23 Februari

Jumatano ya Majivu. Viateur alitupaka majivu kwenye paji la uso, mumoja mumoja, kilima kizima. Wageni walisimama mulangoni wakatuangalia tukitoka tumepakwa alama. Bitondo alinifuta yangu kwa kidole, nikamukemea.

Viateur alihubiri juu ya Injili ya leo, kwamba anayefunga asijionyeshe mbele ya watu. Nyumbani akaongeza kwamba hasa tusiwaambie wageni. Wale hawajabatizwa, watafikiri tunajisifu, ao wataona haya kula wakati sisi hatuli. Tuwape chakula, tuwaache, sisi tutakula kidogo yetu jioni ndani ya nyumba. Mimi nilisema, lakini majivu kwenye uso si kujionyesha? Akaniangalia. Nikanyamaza.

Nilipeleka kapu, nikaliweka mulangoni, nikarudi. Harufu ya maharagi, jamani! Nilikuwa nimeziba pua na mukono.

26 Februari

Wamebakiza nusu. Nimefikiri mateke yalikuwa magumu.

1 Machi

Leo nimekasirika na sifichi. Mbwa wa Nzabandora alikuwa anakula nyuma ya migomba, nikaenda kumufukuza kwa sababu ya maboga, na nikakuta ni chakula chetu. Chakula nilichopika mimi, kimetupwa na kufunikwa na majani. Watu hapa wanajinyima, watoto wa Nzabandora wanapewa mukono mumoja wa maharagi ili wageni washibe, na wageni wanalisha mbwa!

Nilikwenda moja kwa moja shuleni. Niliuliza koko kama chakula changu ni kibaya. Akasema:

"Hapana, mama. Tumeshashiba."

Tumeshashiba. Kama Karekezi. Nikaondoka nikibamiza mulango, na mulango ule hauna hata bawaba nzuri.

4 Machi

Mvua usiku na muchana. Bibi ya Kahombo anachimba mizizi kando ya kijito na wanakula ileile, mibichi. Nimemuuliza Viateur hawa watu wana shida gani. Anasema ni huzuni, muntu aliyeona damu hali vizuri. Labda.

6 Machi

Maziwa ya Karekezi yamerudishwa. Kibuyu kimejaa kama kilivyokwenda. Nilipanda mwenyewe mpaka kwenye mianzi kumuomba Karekezi asikasirike, aje akae nao kidogo, akunywe nao, watamuzoea. Alikataa kwa upole. Akasema mbele ya watu wasiomujua hawezi kufungua kinywa, haya itamuua. Nikamuambia yeye ni mupagani mwenye rozari. Alitabasamu tu, akamupapasa ng'ombe mumoja mweupe mugongoni. Nilishuka ninateleza mu matope ninasema peke yangu.

9 Machi

Bitondo amekonda. Macho yamekuwa makubwa, tumbo limeingia ndani. Leo alikuja mwenyewe jikoni akasimama kando ya mulango. Nilikuwa ninachoma ndizi za wageni. Nikamupa moja, moto bado. Aliishika kwa mikono miwili, akaninyoshea mimi.

"Weye kwanza," akasema.

Nikacheka. Nilifikiri ni heshima, mutoto amefunzwa vizuri na koko yake. Nikamuambia mimi sili, wewe kula tu, mutoto wangu. Na kwa sababu ile ndizi ilinukia vizuri na saa ya kula ilikuwa bado, niliziba kinywa changu na mukono nisije nikashindwa.

Aliiweka ndizi chini polepole. Akarudi nyuma, nyuma, bila kuniacha na macho, kama aliyeona nyoka. Kisha akakimbia.

Watoto wana mambo.

12 Machi

Hawako!

Asubuhi nilipeleka uji, mulango wa shule ulikuwa wazi. Blanketi za misioni zimekunjwa vizuri, chungu kimeoshwa, hata majani waliyolalia wamefagia. Hakuna muntu. Nyayo zinashuka kwenye njia ya pori.

Viateur amechukua fimbo na koti lake, ameondoka mbio na muzee Nzabandora. Mvua inafuta nyayo. Mimi nimesimama hapa na uji mukononi, na uji umepoa, na sielewi. Tulikosa nini? Waliambiwa! Waliambiwa kwamba kule wanauawa!

13 Machi

Hakuna habari.

14 Machi

Hakuna. Karekezi alipita kuuliza, nikashindwa hata kumutukana.

15 Machi

Viateur amerudi. Ninaandika kwa sababu nikikaa bure nitapiga kelele, na nikipiga kelele kilima kizima kitakuja.

Aliingia, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti, maji yanachuruzika. Nzabandora hakuingia, alipita moja kwa moja kwake. Nikauliza, umewakuta? Akasema ndiyo. Nikauliza, wazima? Akaniangalia na sikuuliza tena.

Walisikia bunduki kabla ya kufika kwenye kivuko cha muto. Walipofika, askari walikuwa wamekwisha kuendelea mbele. Bibi ya Kahombo alikuwa mu maji, ameshikwa na mizizi. Kahombo alilala kwenye mchanga, bado anapumua. Koko na Bitondo hawakuonekana, wala wazima wala maiti. Viateur alimuinua Kahombo kichwa, akamuuliza kwa nini, kwa nini walikimbia mahali pa uzima.

Halafu bwana yangu akaniambia maneno ya Kahombo, na akayasema bila kuinua uso:

"Alisema, tangu siku ule askari alikula kwenu, hakuna hata mumoja wenu alikula na sisi tena. Alisema, risasi inaua mara moja, haitese batoto."

Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena.

Sumu. Walifikiri tunawapa sumu, kidogo kidogo, kila siku, mu kapu langu. Kaporali amekuja, amesema na Viateur nyuma ya kanisa, wawili tu. Amekula kuku wetu. Kesho yake kilima kizima kimejipaka alama kwenye uso, na tangu siku hiyo hakuna aliyegusa chakula mbele yao. Ninaweka kapu ninakimbia. Ninaziba pua. Na yule mutoto, Mungu wangu, yule mutoto alikuja na njaa yake yote kuniuliza, aliniuliza wazi, weye kwanza, na mimi nikacheka na kuziba kinywa mbele yake.

Hata sisi hapa pombe tunaonja mbele ya mugeni, nani asiyejua? Mwenye nyumba anakunywa kwanza, njo adabu, njo kusema tumbo langu na lako ni moja. Lakini ni pombe. Nani wa kilima hiki amewahi kuonja mateke? Kule kwao ni kila kitu, kumbe, njo sababu koko aliangalia kinywa changu siku ile ya kwanza. Na hawakuweza kuniambia nionje. Kumuambia mwenye nyumba aonje ni kumuita muchawi uso kwa uso, na wao walikuwa wamelala chini ya dari letu. Basi walisema tumeshashiba. Kwa adabu. Walikufa na njaa kwa adabu, na sisi tulikuwa tunawaua kwa kufunga vizuri.

Neno moja lingetosha. Tunafunga, ni desturi yetu, itaisha Pasaka. Neno moja! Mimi ambaye sijawahi kunyamaza tangu nizaliwe, njo siku hiyo nilinyamaza.

16 Machi

Siwezi kupita mbele ya shule.

20 Machi

Wamezikwa kule kule. Viateur alishuka tena kuwazika Kahombo na bibi yake, amerudi na udongo kwenye magoti.

Sasa anafunga zaidi. Anakula siku moja, anaacha moja, usiku analala chini bila mukeka. Leo nimeshindwa. Nilimuambia: unafunga ili nani akuone, Viateur? Kahombo hakuoni. Akasema alifuata Injili. Nikasema Injili ilikukataza kujisifu, haikukukataza kusema na mugeni wako. Aliinamisha uso, yeye ambaye hakutetemeka mbele ya kaporali. Nikataka kumushika na nikataka kumupiga, na sikufanya hata kimoja.

25 Machi

Mvua kubwa, udongo umebomoka upande wa Nzabandora. Nimepika, sikula, jioni wala asubuhi. Si kufunga. Chakula kinakataa kupita.

2 Aprili

Siku ya Matawi. Baada ya sala Karekezi alinivuta kando, yeye ambaye huwa ananipita mbali kama muntu anayepita mbwa mukali. Akaniambia kuna muntu anakamua ng'ombe wake alfajiri. Nilitaka kumuambia mimi si askari wa wezi. Akasema, sikiliza kwanza, mama Thacienne.

Ni yule mweupe, mupole kuliko wote, analala karibu na mianzi. Wachungaji walikuta nyayo kando yake, za muntu muzima na za mutoto mudogo. Hakuna kibuyu, hakuna chombo. Mutoto ananyonya kwenye chuchu yenyewe.

Nikajua ni wao. Maziwa yanayotoka ndani ya ng'ombe na kuingia ndani ya kinywa, hakuna mukono wa muntu katikati, hakuna wa kuyatia kitu. Hayo njo maziwa pekee ambayo koko anaweza kuyaamini duniani.

Nilitaka kupanda saa ileile. Karekezi alikataa, akasema nikionekana watakimbia na safari hii watakimbia mpaka mwisho. Amekwisha kuwaambia wachungaji wahame na ng'ombe wengine, wamuache huyo mweupe peke yake palepale. Na ndama wake wamemupeleka kwa ng'ombe mwingine, ili maziwa yabaki. Mufugaji anamunyima ndama kwa ajili ya mutoto wa pori! Nilimuita mupagani. Nimeomba musamaha. Akasema hakuna kitu, akaangalia upande mwingine kwa haya.

5 Aprili

Karekezi ametuma neno: ng'ombe alikamuliwa.

6 Aprili

Ng'ombe hakukamuliwa.

7 Aprili

Ijumaa Kuu. Niandike yote, kwa mupango.

Asubuhi neno lilikuja tena kwamba ng'ombe hakukamuliwa, maziwa yamejaa mpaka analia. Karekezi hakungoja. Aliingia mu mianzi mwenyewe. Sisi tulikuwa kanisani, saa tisa, watu wote wa kilima, na Viateur amevaa kanzu nyeupe ameshika musalaba mukubwa ili watu wapite kuubusu. Yeye tangu jana hakula kitu, na leo njo siku kali kuliko zote za mwaka, hata wagonjwa wanaona aibu kuomba uji.

Mulango ukafunguliwa. Karekezi ameingia na Bitondo mugongoni, ndani ya blanketi yake, na koko nyuma yake anajivuta na fimbo. Muzee yule hakuwa na nguvu ya kukimbia tena, njo sababu alifuata. Mutoto alikuwa na homa, midomo imepasuka. Karekezi alisema kwa sauti ya chini, wamekula majani tu, mutoto hawezi hata kunyonya.

Nilikimbia nyumbani. Kulikuwa na uji niliopika kwa ajili ya mugonjwa wa Nzabandora. Niliuleta, nikapiga magoti mbele ya mutoto. Bitondo aliangalia chungu. Koko akanyosha mukono wake wa mifupa akamuziba mutoto kinywa.

Nikachovya mwiko, nikakula. Nikameza mbele ya macho ya koko, nikachovya tena nikakula. Nilisikia mama mumoja nyuma yangu anasema haa, na mwingine anataja jina la Yesu. Acha wataje. Uji ulipita, kwa mara ya kwanza tangu siku zile ulipita.

Koko hakutoa mukono. Aliniangalia mimi, kisha akainua fimbo akamuonyesha Viateur.

"Na ule?" akasema. "Ule njo alisema na askari."

Nilimugeukia bwana yangu. Sikumusihi. Nilijua anachokijua yeye: miaka yote alikuwa anawafundisha hawa watu kwamba siku hii, saa hii, hata tone la maji ni la kufikiri mara mbili. Wote walikuwa wanamuangalia. Alisimama na musalaba, na uso wake ulikuwa wa muntu ambaye ameitwa jina kwa nguvu. Nikafikiri atakataa. Mungu anisamehe, nilifikiri atakataa.

Alimupa Nzabandora musalaba. Akaja, akapiga magoti na kanzu yake mu matope yaliyoletwa na miguu ya Karekezi. Akachukua mwiko kutoka mukono wangu. Alikula kama mutoto anayekunywa dawa, machozi yanashuka mpaka kwenye uji, na hakuacha. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Kisha akamuambia koko:

"Mama, tulikuwa tunafunga. Ni desturi yetu. Sikukuambia. Kosa ni langu, chakula hakikuwa na kosa."

Koko alimuangalia muda murefu, na kinywa chake kilikuwa kinatafuna bure. Sijui kama alisamehe. Mwana wake yuko kwenye mchanga wa muto, na mimi nisingesamehe. Lakini alitoa mukono.

Karekezi alikuwa bado amesimama. Aliona koko anamuangalia yeye pia. Basi yule muntu akachukua mwiko, akajifunika kichwa na shuka, akageukia ukuta, na tukamusikia wote anameza. Aliporudisha uso ulikuwa umelowa jasho. Hakuna aliyecheka. Mimi ambaye nacheka kila kitu, sikucheka.

Bitondo alikula. Kidogo, polepole, kwa mwiko uleule.

9 Aprili

Pasaka. Mvua imepumzika. Watu wamepika, pombe imetoka, Nzabandora amechinja ule mbuzi wa maboga. Wengine bado wananong'ona juu ya Ijumaa, na mama mumoja alimuuliza Viateur kama atajishitaki kwa Padri. Akasema atajishitaki kwa Kahombo kwanza.

Koko alikula tulipokula sisi. Hakusema neno na mimi. Amekaa mulangoni anaangalia njia ya pori, na saa nyingine anamuita bibi ya Kahombo kama anayemutuma maji.

Kila chakula ninachopeleka, ninaonja. Nitaonja mpaka nife.

16 Aprili

Homa ya Bitondo imekwisha. Meno mawili ya mbele yanaanza kuota.

Leo nilikuwa ninapalilia nyuma ya nyumba na njaa ilinishika, nikakaa kwenye jiwe. Alitoka jikoni na ndizi iliyochomwa, aliyoichoma mwenyewe, upande mumoja umeungua. Nikanyosha mukono. Akairudisha nyuma.

Akaimenya. Akauma kipande, akatafuna mbele yangu bila haraka, akameza. Kisha akafungua kinywa wazi na kutoa ulimi, nione kwamba hakuna kilichobaki ndani.

Halafu akanipa.